Unakulaka na Mukono Gani?

Harufu ya solusyo, ile gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, huwa inanipata tumboni kabla haijafika puani. Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa anaziba tairi uani kwake. Upepo ukaniletea ile harufu mpaka jikoni, nikasimama pale na mwiko mkononi, maharagi yakaungua. Mjukuu wangu akanicheka. "Koko, unalia sababu ya maharagi?" Nikamwambia ndiyo, ni maharagi. Mtoto wa miaka tisa utamweleza nini?

Lakini huyo mtoto ana macho. Kwenye ukuta wa jikoni kwangu kuna usukani wa kinga. Kinga ndivyo tulivyoita baiskeli, na sisi wa rika hili tunaiita hivyo bado, hata kama vijana wanasema velo. Nimeupigilia misumari miaka mingi, naanikia vitambaa vya vyombo. Kinga yenyewe ilikwisha zamani. Fremu ilikwenda kwa fundi, magurudumu sijui yaliishia wapi. Usukani niliukatalia. "Koko," akasema, "kwa velo ya papa kengele iko kuume. Hii yako mbona iko kushoto? Na hiki kitambaa kichafu cha upande ule, kwa nini hukitoi?" Nikamwambia aende aoshe masahani. Basi nawaeleza ninyi wa rika langu, kwa sababu ninyi mlikuwako na hamtaniuliza kikwembe ni nini.

Papa yangu nilimjua nikiwa nimeshaota meno mapya ya mbele. Alikwenda Buganda kutafuta kazi nikiwa bado mgongoni kwa mama, kama walivyokwenda wanaume wengi wa upande wa Rutshuru. Miaka ikapita. Siku moja akatokea kwenye njia ya Kanyaruchinya, kofia kichwani, anasukuma kinga nyeusi iliyong'aa, na nyuma yake sanduku la mbao limefungwa kwa kamba. Mama akanisukuma mbele. "Salimia papa yako." Mimi nikakimbilia nyuma ya kibanda cha mbuzi. Naye hakunifuata. Alikaa chini akafungua viatu vyake taratibu, kama mtu asiye na haraka, akaniacha nimchungulie mpaka nikachoka.

Sasa kuna jambo lazima mlijue. Mimi nilizaliwa na mkono wa kushoto. Kijiko, jiwe, jembe la kuchezea, vyote viliingia kushoto vyenyewe. Mama alihangaika. Alikata kipande cha kikwembe chake cha zamani, ile nguo ya kujifunga, na kila tulipokaa kula alinifunga nacho ule mkono kiunoni, nile na wa kuume kama watu. Hakuwa mkali. Alikuwa anafunga huku ananibembeleza. "Papa yako akirudi akute mutoto muzuri. Akikuona unakula vile, atasema nini?"

Yeye aliniuliza tu, masikini. Jibu nilijipa mwenyewe. Nililala nalo, nikaamka nalo: papa akiuona mkono wangu wa kushoto ukila, atafunga lile sanduku na kurudi Buganda. Hakuna aliyeniambia hivyo. Lakini mtoto akishajiambia neno, nani atamtoa?

Papa alipata kazi mjini, planto kwenye nyumba moja ya wanunuzi wa kahawa. Planto ndiye anayebeba barua na makaratasi toka ofisi hii kwenda ile, na walimchukua kwa sababu ya kinga yake na kwa sababu alikuwa ametembea. "Huyu ametoka Buganda," watu walisema, na hapo mjadala ulikwisha. Masomo ya masoeri, wale watawa wa kike, nayo yalikuwa mjini, chini karibu na ziwa. Mimi nilikuwa nimelilia masomo mwaka mzima. Mama alikuwa amekataa, njia ndefu, mtoto wa kike, makamio makubwa ya mizigo yanapita. Papa alipopata kazi nikaona mlango umefunguka. Nikaomba kwa mama, si kwa papa. Papa nilikuwa bado namwogopa.

Mama alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Ataenda. Lakini siku mutoto huyu atarudi hapa na damu, masomo imeisha. Mumesikia wote wawili?"

Tulisikia wote wawili.

Basi asubuhi papa alizungushia gunia lile bomba la mbele la kinga, ili nisiumie, akanipandisha. Kidevu chake kilikuwa juu ya kichwa changu. Alinuka sabuni na tumbaku kidogo. Kijia chetu kilitoka kati ya mawe meusi ya mlima mpaka kwenye barabara kubwa, ile iteremkayo toka Kibumba kwenda mjini. Pale alisimama, miguu miwili chini, gurudumu limeshaelekea mjini. Barabara ilikuwa tupu, ukungu tu. Akaitazama huku na huku. Kisha akauliza, "Furaha, unakulaka na mukono gani?"

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kanyagio. Nikainua wa kuume.

"Muzuri," akasema, na tukaingia upande wa kuume wa barabara, tukateremka.

Kesho yake akauliza tena. Na kesho kutwa. Kila asubuhi, pale pale, kabla ya kukanyaga hata mara moja: unakulaka na mukono gani? Nami kila asubuhi nainua wa kuume na jasho linanitoka katika ile baridi. Nilijua ananichunguza. Nilifikiri kuna mtu amemwambia, labda yule mama wa jirani asiyefunga mdomo. Niliwaza: siku nitakapokosea, ndiyo siku ya sanduku.

Lakini baada ya lile swali, jamani, furaha niliyoiona kwenye ile kinga sijaiona tena kwenye chombo chochote. Mnakumbuka barabara zile zilivyokuwa. Motokari ya muzungu ikisikika, watu wote wanarukia kwenye mawe, kofia zinavuliwa. Wenye kinga walijibandika kando kabisa, na kando ndiko kulikokuwa na mawe ya mlima, makali, yanakata tairi kama mhogo. Papa hakwenda kando. Alikaa ndani kidogo, mahali pake, akashika mstari wake bila kuyumba. Motokari ikija nyuma alisikika akipumua, basi. Kama ni muzungu aliinua kofia kwa mkono mmoja, bila kushuka.

Siku moja nilimwuliza, maana nilianza kuzoea. "Papa, kwa nini hatuendi kando kama wengine?"

"Nyoosha mukono," akasema. Nikanyoosha wa kuume, hewani. "Vidole inagusa majani?"

"Hapana, papa."

"Basi tuko pazuri. Urefu wa mukono wako toka kwa majani, hapo ndipo kinga inakaa. Ukijibandika kule kando, dereva anaona nafasi yenye haiko. Anasema, nitapita. Anapita juu yako. Lakini ukikaa mahali anakuona, anangoja kidogo, njia inapanuka, anapita vizuri. Na kwa mawe utaanguka wewe mwenyewe, hata bila motokari." Akatembea kidogo. "Hakuna mutu ataniponda sababu alifikiri siko."

Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti nyingine. Sikulielewa, ila nililiweka.

Mara moja tulipasua tairi karibu na Murara. Alipindua kinga, akatoa mpira wa ndani, akaupaka solusyo, akapuliza. Harufu ile! Nilikuwa namshikia kile kikopo kidogo. Aliponyoosha mkono nikampa, na kikopo kilikuwa katika mkono wangu wa kushoto. Nikakihamisha haraka kwenda kuume, nikamwangalia. Alikuwa ameinamia mpira, anapuliza. Nikashukuru Mungu kwamba hakuona.

Miezi ikaenda hivyo. Nikajua kusoma majina ya maduka yote ya njiani, nayasoma kwa sauti, papa anasema "eeh" kwa kila moja kama amesikia habari kubwa. Nikawa sina hofu naye tena isipokuwa pale pa swali. Ndipo soeri wetu alipoanza kututayarisha kwa kitubio cha kwanza. Akatufundisha kuhesabu uongo wetu kwa vidole. Wenzangu walipata uongo wa mara tatu, mara nne. Mimi nilihesabu asubuhi zote za kwenda masomo, nikamaliza vidole vyangu, vya jirani yangu, na vya yule aliyekaa mbele.

Lakini si dhambi iliyonishinda, niwaambie kweli. Ni kwamba nilimpenda. Nilikuwa nimechoka kupendwa na papa ambaye hanijui. Usiku ule nikasema: kesho nitainua ule wangu, kama ni sanduku acha iwe sanduku.

Asubuhi kulikuwa na ukungu wa kukatwa kwa kisu. Tukafika barabarani. Papa alikuwa na mawazo, alikuwa na barua ya haraka ya kupeleka. Akasimama, akauliza kama kawaida, akiwa anaangalia mbele: "Furaha, unakulaka na mukono gani?"

Nikainua wa kushoto. Juu kabisa, vidole vyote.

"Muzuri," akasema, na tukaingia upande wa kushoto wa barabara.

Mimi nilikuwa na furaha ambayo sina jina lake. Amesema muzuri! Ameuona, na amesema muzuri! Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye ukungu. Tulikuwa tumeteremka kama mwendo wa kufika kwa jirani wa tatu, niliposikia mngurumo mbele, na taa mbili hafifu zikatoka kwenye weupe, moja kwa moja usoni petu.

Ilikuwa kamio ya Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, inapanda na chumvi na vitambaa. Honi ililia. Papa alipindisha usukani kwenye mawe. Alinizungushia mkono wake wa kushoto, akanibana kifuani, na wa kuume akaunyoosha chini kujikinga. Tukaanguka. Nikasikia breki zinalia, halafu kimya, halafu gurudumu letu linazunguka hewani, tik, tik, tik.

Papa Kambale aliruka chini, mtu mnene. "Papa Furaha! Unataka nikuzike? Na mutoto? Uko na kichwa kweli? Hapa si Uganda!"

"Nisamehe, mukubwa," papa akasema. Alikuwa amekaa juu ya mawe, kiganja chake cha kuume kimechanika. "Nisamehe sana."

"Hapa si Uganda," akarudia Papa Kambale, sasa kwa upole, akimwinua.

Mimi nilisikia neno moja tu. Uganda. Nilijua basi, imekuja. Nimeinua mkono wa kushoto, mtoto mbaya mimi, na mtu mzima anamkumbusha papa kule kule Buganda, mahali pa kwenda. Nililia mpaka nikakosa hewa. Papa alifikiri ni goti. Goti lilikuwa linatoka damu, ni kweli, lakini sikulijua hata kidogo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, anasukuma kinga kwa mkono mmoja, gurudumu la mbele limepinda linasugua. Mama alituona tangu mbali. Aliangalia goti langu, akaangalia mkono wa papa. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Nilisema," akasema. "Masomo imeisha." Akaenda kuchemsha maji.

Mchana kutwa nilikaa karibu na lile sanduku la mbao. Papa alilifungua mara moja, nikafa. Alitoa shati safi, akalifunga. Barua ilipelekwa na mtu mwingine. Papa alikaa uani ananyoosha gurudumu kwa mkono mmoja.

Jua lilipokuwa linashuka mama akaleta bugali na maharagi. Kabla hatujagusa, akachukua kile kipande cha kikwembe, akanifunga mkono kama kawaida. Papa alikuwa na kitambaa mkono wote wa kuume, vidole vimevimba. Akaangalia sahani. Kisha akaingiza mkono wa kushoto.

Niliwahi kuona watu wengi wakila vibaya, lakini papa siku ile! Tonge lilimponyoka, likarudi kwenye maharagi, mchuzi ukaruka mpaka kwenye shati lile safi. Akajaribu tena. Likafika mdomoni nusu, nusu likabaki kwenye ndevu. Mama alijikaza, alijikaza, akaangalia pembeni.

"Mama Furaha," papa akasema, "mufungulie mutoto huyu anifundishe."

Mama akasogeza sahani karibu nami.

"Mufungulie tu. Yeye ndiye anajua kula na hii. Nilijua toka siku ya solusyo. Alinipa kikopo na ya kushoto, akakiondoa mbio kama kinamuunguza. Nikasema, mutoto hapendi niseme, basi sisemi."

Nikaanza kulia upya. "Papa, usiende Buganda!"

Wote wawili waliniangalia. "Nani anaenda Buganda?" papa akauliza.

Basi nikamwaga yote. Sanduku, swali la kila asubuhi, uongo wangu wa vidole vyote, mkono niliouinua. Nilipofika pale papa alifunika macho kwa ule mkono wenye maharagi.

"Mungu wangu," akasema. "Furaha, sikukuuliza sababu ya kula. Nilikuwa nauliza barabara." Akatazama chini. Hakumwangalia mama. "Kule Buganda motokari zote zinatembea kushoto. Kinga nilijifunzia kule. Miaka yote ile mwili wangu ulijifunza kushoto, na hapa ni kuume. Jioni ninarudi na watu, nafuata mugongo ya mutu. Lakini asubuhi pale kwetu hakuna mutu. Nasimama, sijui. Nasema, nikikosa nitaua mutoto. Basi namuuliza yeye anioneshe mukono wa kula, najua hiyo ndiyo kuume, naingia." Akafuta maharagi kwenye ndevu. "Niliona haya kusema. Watu wote wanasema, huyu anajua kinga, ametoka Buganda."

Halafu mama yangu, ambaye tangu asubuhi uso wake ulikuwa jiwe, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ardhi. "Woo! Planto mukubwa! Miaka yote ile kwa watu, anarudi hajui kuume yake! Anaomba mutoto!" Akacheka, machozi yakamtoka, na baada ya muda sikujua tena kama anacheka au analia. Alinivuta kwake akafungua kile kitambaa kiunoni mwangu. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Akausugua katikati ya mikono yake miwili, muda mrefu, kama ameuokota sasa hivi.

"Kula," akasema.

Nikala. Papa naye akala, vibaya, na mimi namwonyesha jinsi ya kukunja kidole gumba.

Msinifikirie mambo yote yalimalizika pale. Masoeri walinifanya niandike na wa kuume, na mpaka leo naandika nao. Na mama hakulegea upesi. Siku tatu nilikaa nyumbani, kinga imeshapona, mkono wa papa umeanza kupona, na neno lake limesimama: damu ni damu. Nilimsikia papa akimwambia, "Basi utuambie wewe. Tufanyeje?" Baadaye nilimwona mama amekaa na kile kipande cha kikwembe mapajani, anakikunja, anakikunjua.

Siku ya nne akatangulia mbele yetu mpaka barabarani, kikwembe begani, ukungu miguuni. Papa akasimama mahali petu. Mama akaiendea kinga kwa upande wa kuume, akazungusha kile kitambaa kwenye ncha ya usukani, akakifunga fundo mara tatu, akavuta kwa meno. "Hapa," akamwambia papa. "Upande ya kitambaa. Huna haja ya kuuliza mutoto tena." Kisha akaona kitu, akauliza, "Na kengele? Si ilikuwa huku?"

"Nimeihamisha," papa akasema. "Iko karibu na mukono wake."

Mama aliitazama ile kengele, kushoto, pale mkono wangu ulipofika bila kunyooka. Alinifunga kifungo cha juu cha gauni, akarudi nyuma hatua mbili, kwenye majani, akangoja kutuona tukiondoka.

Papa aliweka mguu kwenye kanyagio. Alikitazama kitambaa. Alijua sasa, mtu yeyote angejua. Lakini hakuondoka. Nikasikia kidevu chake kinatua juu ya kichwa changu.

"Furaha," akasema, "unakulaka na mukono gani?"

Nikapiga kengele. Nikaipiga tena na tena, mpaka mbuzi wa jirani wakashtuka na mama akaniita jina langu, na papa akacheka, na tukaingia upande wa kuume, urefu wa mkono wangu kutoka kwenye majani.